SEVIS: mwongozo kamili kwa mwanafunzi wa Nyanda za Juu Kusini aliyeko Marekani, na mzazi aliyebaki nyumbani

Wakuu habari. Hii nimeiandika kwa vijana wetu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe walioko Marekani kwa viza za masomo, kwa wanaosubiri kwenda, na zaidi kwa wazazi maana kila zikitoka habari za wanafunzi kufutiwa viza simu yangu haipoi. Ni ndefu, sehemu isiyokuhusu iruke tu.

Nianze na hali ilivyo, nisije nikawauzia mbuzi kwenye gunia. Desemba 2025 Rais Trump alisaini tangazo lililoiingiza Tanzania kwenye nchi zenye vizuizi vya sehemu, na kuanzia 1 Januari 2026 viza mpya za F, M na J kwa Watanzania zikasimamishwa, pamoja na zile za B za matembezi na biashara. F ndio ya chuo, M ni ya mafunzo ya ufundi, J ni ya kubadilishana, yaani kina Fulbright, Mandela Washington Fellowship, wale watoto wa sekondari wanaokwenda na programu ya YES, watafiti na wengineo. Sababu iliyoandikwa ni Watanzania kupitiliza muda, kwa F, M na J wametaja asilimia 13.97. Viza iliyokuwa hai siku tangazo linaanza kazi haikufutwa kwa tangazo hilo. Mambo haya hubadilika, kwa hiyo siku unasoma hapa pita kwanza kwenye tovuti ya ubalozi wao Dar uone kama bado ndivyo.

Maana yake kwako uliyeko kule tayari ni kwamba faili lako la SEVIS (mfumo wao wa kutunza habari za wanafunzi, nitaueleza hapo chini) limekuwa na thamani kuliko stika ya viza iliyoko kwenye pasipoti. Likiharibika huko nyuma ungeweza kurudi nyumbani, ukaomba upya, ukaenda tena. Saa hizi njia hiyo imezibwa.

SEVIS ni nini na nani anaandika humo

Ni mfumo wa kompyuta wa serikali ya Marekani unaohifadhi habari za kila mwanafunzi na mgeni wa kubadilishana mwenye viza ya F, M au J. Ulianza kufikiriwa baada ya bomu la World Trade Center la 1993, kwa sababu mmoja wa wahusika aliingia kwa viza ya mwanafunzi na akaacha shule bila mtu kujua. Sheria ya kukusanya habari ikapitishwa 1996, ikasuasua, halafu baada ya Septemba 11, 2001 ikawa haraka haraka, na 2003 vyuo vyote vikalazimika kuutumia. Upande wa F na M unasimamiwa na idara iliyo chini ya ICE, hao hao wa uhamiaji mnaowaona kwenye taarifa ya habari, na upande wa J unaangaliwa na wizara yao ya mambo ya nje, ila mfumo ni ule ule.

Sasa watu wengi wanadhani kuna askari amekaa mahali anakufuatilia wewe hatua kwa hatua. Kazi kubwa ya kuandika inafanywa na chuo chako chenyewe. Kila chuo kina ofisa anayeitwa DSO, yuko ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, na sheria inamlazimisha aandike kama umeripoti, unaishi wapi, unasoma masomo mangapi, umeacha, umehama, umemaliza. Kwa J anaitwa RO, au msaidizi wake ARO. Huyu mtu sio adui yako, na pia sio wakili wako. Ukimwambia jambo KABLA hujalifanya mara nyingi ana kitufe cha kukuokoa, ukimwambia baada ya kulifanya kitufe alichobakiwa nacho ni cha kuripoti. Karibu kila kitu nitakachosema chini kinarudi hapo.

Hatua ya kwanza: fomu na majina

Chuo kikikupokea kinakutolea I-20 (kama ni F au M) au DS-2019 (kama ni J). Juu yake kuna namba ya SEVIS, inaanza na herufi N halafu tarakimu 10. Hiyo namba utaandika kila mahali, ikariri.

Shida yetu kubwa huku ni majina. Cheti cha NECTA kina majina mawili, NIDA wameweka matatu, kwenye cheti cha kuzaliwa jina la ukoo lile linaloanza na Mwa- limeandikwa kwa herufi moja pungufu kwa sababu karani wa wilaya alisikia vingine, na pasipoti imefuata NIDA. SEVIS inafuata pasipoti. Kwa hiyo usitume maombi chuoni kwa majina ya cheti cha form four halafu pasipoti ije na mengine, nyoosha kwanza huku nyumbani, hata kama ni kwenda kwa mwanasheria kula kiapo na kusajili hati ya majina. I-20 ikifika fungua usome herufi kwa herufi, jina la ukoo, tarehe ya kuzaliwa (baadhi ya fomu zao huanza na mwezi ndipo siku, usishtuke), nchi, tarehe ya kuanza. Ukiona kosa andika imeili siku hiyo hiyo, kurekebisha kwao ni dakika chache ila wewe ukifika nalo eapoti ni kesi nyingine.

Hatua ya pili: ada ya SEVIS na intavyuu

Hapa nitapita haraka kwa sababu kwa wengi wenu mlango umefungwa kwa sasa, lakini ukifunguliwa mtahitaji. Ada ya SEVIS inaitwa I-901, F na M ni dola 350, J nyingi ni dola 220 (baadhi ya programu za muda mfupi kama za kazi za kiangazi ni dola 35). Inalipwa kwenye fmjfee.com tu. Hata kadi ya mtandaoni ya kwenye simu inaweza kulipa ila hakikisha limiti inatosha. Lipa angalau siku 3 kabla ya intavyuu, printi risiti, itunze hata baada ya kufika. Hii ni tofauti na ada ya viza yenyewe ambayo ni dola 185. Ukinyimwa viza ile ya SEVIS hairudishwi, ila ukiomba tena viza ya aina ile ile ndani ya miezi 12 huna haja ya kuilipa upya.

Mtu wa stationari akikwambia anakulipia "SEVIS ya haraka" kwa laki kadhaa zaidi, hakuna kitu kama hicho, na wala hakuna mtu Mbeya nzima mwenye uwezo wa kuingia kwenye mfumo huo kukubadilishia lolote.

Fomu ya viza ya DS-160 inauliza akaunti zako za mitandao ya kijamii za miaka 5 iliyopita, na tangu Juni 2025 waombaji wa F, M na J wanatakiwa waziache wazi zisomeke. Usifute akaunti wiki moja kabla, andika zote. Intavyuu ni Dar, kwa hiyo anayetoka Mbeya asipande basi la usiku wa kuamkia siku ya miadi, ile barabara ya Mikumi lori moja likilala njiani umeikosa, fika hata siku mbili kabla ukalale kwa ndugu.

Hatua ya tatu: kuingia na siku 30 za kwanza

Mwenye viza mpya anaruhusiwa kuingia mpaka siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye fomu, sio kabla ya hapo. I-20, pasipoti, barua ya chuo na risiti ya SEVIS viwe kwenye begi la mkononi. Ukishatoka eapoti, ukipata tu intaneti ingia tovuti ya i94.cbp.dhs.gov uchukue I-94 yako, hii ndio kumbukumbu ya kuingia kwako. Angalia imeandikwa F-1 au J-1 (ndio F au J ya mwenye masomo mwenyewe), na sehemu ya muda iwe D/S, ambayo maana yake unakaa kwa muda wote ambao faili lako liko sawa. Ukikuta tarehe kamili badala ya D/S, au umeandikiwa B, nenda kwa DSO kesho yake, usiseme itajirekebisha.

Halafu kuripoti. Chuo kina siku 30 tangu programu ianze kukuandika kwenye SEVIS kwamba umefika na umesajiliwa masomo, na kila semesta inayofuata wanakuandika upya.

Hapa wazazi nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo shamba la Rungwe linapogusa kompyuta ya Washington. DSO hawezi kukusajili SEVIS kama chuo kimekuzuia kusajili masomo, na chuo kinakuzuia kusajili masomo kama hujalipa ada. Semesta ya Agosti huwa haina shida sana, mahindi yameshavunwa, mpunga wa Kyela umeshauzwa, hela ipo. Balaa ni Januari. Januari huku kwetu mvua zinanyesha, hela yote imeshaingia kwenye mbolea na palizi, viazi vinasubiri, na mtoto kule anadaiwa dola elfu kadhaa kabla semesta haijaanza. Mzazi anaona ni deni la kawaida la shule, "watavumilia kama sekondari ya hapa walivyovumilia", kumbe siku 30 zinahesabiwa na zikipita mtoto hajasajiliwa faili linafungwa. Kwa hiyo hela ya Januari itenge ukiuza Julai, usiiguse hata kama mbolea ya DAP imepanda bei. Na ikishindikana kabisa, mtoto aende ofisi ya fedha na kwa DSO mwezi Novemba, sio Februari, aombe kulipa kwa mafungu. Vyuo vingi vina utaratibu huo ila hawautangazi sana.

Hatua ya nne: maisha ya kila siku

Masomo. Mwanafunzi wa digrii ya kwanza kwenye vyuo vya semesta anatakiwa awe na krediti 12 au zaidi kila semesta, wa masters na PhD chuo kinapanga chenyewe. Kwa F-1 katika hizo za kufikia kiwango, somo moja tu la onlaini, lisilozidi krediti 3, ndio linahesabiwa. Ukiona somo gumu usilidropu kwa simu usiku ukiwa na hasira, ukishuka chini ya kiwango bila ruhusa DSO analazimika kuripoti ndani ya siku 21. Nenda kwanza. Kuna ruhusa ya kupunguza masomo kwa ugonjwa (kwa barua ya daktari, jumla isizidi miezi 12 kwa ngazi moja ya masomo), kuna ya kushindwa kuzoea lugha au mfumo wa masomo mwanzoni, na kuna ya semesta ya mwisho ukibakiwa na masomo machache. Lakini zote zinaandikwa KABLA ya kudropu.

Anwani. Ukihama chumba una siku 10 kuwapa chuo anwani mpya. Vijana wetu hapa wanazembea sana, wanahamia kwa mshikaji, wanalala kwenye kochi miezi miwili, kwenye mfumo bado wako hosteli. Kwa sisi tuliozoea kuelekezana "ukifika Kabwe uliza kwa mama fulani" inaonekana jambo dogo, kule anwani ndio wewe mwenyewe. Namba ya simu na imeili nazo zisasishe.

Kazi. F-1 anaruhusiwa kazi ndani ya kampasi, saa 20 kwa wiki semesta ikiendelea, likizo zinaweza kuwa zaidi. J-1 naye kazi ya kampasi ni mpaka afisa wake amwandikie ruhusa kwanza. Nje ya kampasi hakuna kitu bila kibali. Kuna njia ya CPT, kazi iliyo sehemu ya masomo, DSO anaiandika kwenye I-20 kabla hujaanza. Sasa kuna hii michezo ya kuendesha baiskeli kupeleka chakula kwa akaunti ya rafiki, au kusuka nywele nyumbani kwa watu, au kuosha vyombo kwa Mhindi mmoja anayelipa mkononi. Najua hela inabana na najua wengi wanafanya, ila kazi bila kibali ni kati ya makosa ambayo hata ukiomba kurudishiwa hadhi yako sheria imekunyima sifa. Mzazi ukiona mtoto anatuma dola mia tano nyumbani kila mwezi na hajakwambia kazi gani, muulize, usishangilie tu.

Bima. Hii ni kwa J zaidi, lazima uwe na bima ya angalau dola 100,000 kwa kila ajali au ugonjwa, na ndani yake iwepo dola 25,000 za kusafirisha mwili na 50,000 za kukuhamishia nchi yako ukiumwa. Kukaa bila bima makusudi kunaweza kukufungia programu. F inategemea chuo.

Na polisi. Kuendesha gari umelewa, ugomvi na mpenzi mpaka majirani wakapiga simu, wizi mdogo dukani, hata kama kesi iliisha kwa faini, viza inaweza kufutwa kwa hayo. Likitokea tafuta wakili wa uhamiaji kabla hujasaini kitu mahakamani.

Hatua ya tano: kutaka kuja nyumbani

Zamani ningekwambia ukumbuke saini ya DSO ya kusafiria tu, ile ya ukurasa wa pili wa I-20, isiwe imezidi mwaka mmoja (miezi 6 kama uko kwenye OPT, ile kazi ya fani baada ya kumaliza). Saini bado unaihitaji. Lakini siku hizi swali la kwanza ni stika ya viza kwenye pasipoti: inaisha lini na inaruhusu kuingia mara ngapi. Stika ikiisha ukiwa ndani ya Marekani hakuna tatizo kabisa, unaendelea kusoma, maana kinachokuweka mle ni faili na I-94. Tatizo ni ukitoka. Ukitoka na stika imekwisha, kurudi lazima uombe viza mpya, na viza mpya kwa Mtanzania ndio hiyo iliyosimamishwa.

Kwa hiyo kabla hujanunua tiketi ya kuja harusi ya dada Tukuyu, kaa na DSO muangalie pamoja. Na wazazi jamani, nalisema kwa heshima, kama mtoto hawezi kuja msimlazimishe. Hata msiba. Najua kwetu kukosa mazishi ni jambo zito na wazee watanung'unika, ila mkimwambia "njoo tu, utarudi" mkiwa hamjui stika yake inasemaje mnaweza kumkatisha miaka mitatu ya masomo. Waelezeni wazee ukweli, wataelewa. Pia anayetoka akakaa nje zaidi ya miezi 5 bila kusoma faili lake kwa kawaida linafungwa hata kama stika ni hai.

Hatua ya sita: kumaliza

Tarehe ya mwisho iko kwenye I-20. Ukiona hutamaliza, omba kuongezewa kabla ya tarehe hiyo kupita, hata siku moja baada yake ni kuchelewa, na utatakiwa kuonyesha tena ushahidi wa fedha, kwa hiyo mzazi statementi ya benki iwe tayari.

Ukimaliza F-1 una siku 60 za kujipanga, J-1 siku 30. Ndani ya muda huo unaondoka, unahamia chuo kingine, au unakuwa umeshaomba kitu kingine. F-1 aliyeacha masomo kwa ruhusa ya DSO ana siku 15. Aliyeacha bila ruhusa hana hata moja.

F-1 anaweza kuomba OPT, kazi ya fani yake miezi 12, na wa sayansi na uhandisi kuna nyongeza ya miezi 24. Maombi yanaanza siku 90 kabla ya kumaliza mpaka siku 60 baada, na yanatakiwa yafike ndani ya siku 30 tangu DSO aweke pendekezo lake kwenye SEVIS. Ukishaanza, SEVIS inahesabu siku zako za kukaa bila kazi, zikizidi 90 umeisha, kwa hiyo ukipata kazi hata ya kujitolea inayoendana na fani iandike ndani ya siku 10. Ila kabla hujalipia maombi, muulize DSO maombi ya Watanzania yanashughulikiwaje wakati huu.

J-1 angalia kama uko chini ya sharti la kurudi nyumbani miaka miwili, huwa limeandikwa kwenye viza na DS-2019. Waliolipiwa na serikali mara nyingi wanalo.

Faili likifungwa

Tofautisha vitu viwili. Viza kufutwa na ubalozi ni kitu kimoja, SEVIS kufungwa ni kingine. Unaweza kufutiwa viza ukaendelea kusoma, ukafungiwa SEVIS ndio hadhi yako imeguswa. Mwaka 2025, Machi na Aprili, serikali yenyewe ilizima rekodi za maelfu ya wanafunzi, wengine kwa vijikesi vya barabarani vilivyokwisha zamani. Wengi wakaenda mahakamani na mwishoni mwa Aprili serikali ikaanza kuzirudisha. Somo la pale ni kwamba waliokimbia kupanda ndege siku ya kwanza walijiweka pabaya kuliko waliokaa wakatafuta wakili.

Ukiambiwa rekodi imefungwa muulize DSO kwa maandishi: imefungwa lini, sababu gani imeandikwa, aliyefunga ni chuo au serikali. Kama ni kosa la chuo wana utaratibu wa kusahihisha. Kama ni la kwako kuna ombi la kurudishiwa hadhi kwa fomu I-539, linatakiwa liwe ndani ya miezi 5, na uwe hujafanya kazi bila kibali. Usiache masomo, usifanye kazi, usisafiri mpaka uongee na wakili, na vyuo vingi vina wakili wa bure wa wanafunzi.

Ukipigiwa simu na mtu anajiita ofisa wa ICE, anaijua mpaka namba yako ya SEVIS, anataka kadi za zawadi au utume hela la sivyo unakamatwa, kata. Ni tapeli.

Kwa mzazi: karatasi za kuwa nazo ndani

Kopi ya pasipoti yake na ukurasa wa viza, I-20 au DS-2019 ya mwisho (sio ile ya kwanza tu, huwa zinatolewa mpya), risiti ya I-901, I-94, jina na imeili ya DSO, kadi ya bima. Mwambie akutumie kwa WhatsApp na wewe ziprinti, weka kwenye bahasha pamoja na hati za shamba. Kwa habari za faili lenyewe DSO mara nyingi hatakujibu wewe kwa sababu mtoto ni mtu mzima na kule faragha ni sheria, mwambie mtoto asaini fomu ya ruhusa chuoni mapema ili siku akilazwa hospitali wakubali kuongea na wewe.

Na ukipiga simu angalia saa. Ofisi ya New York ikifunguliwa saa 3 asubuhi yao, Mbeya ni saa 10 jioni kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Novemba, miezi ya baridi yao ni saa 11 jioni. Texas ongeza saa moja.